Madaftari Matatu ya Nyangi

Mwalimu Magoiga alisimama mbele ya jeneza la rafiki yangu Nyangi, akavua kofia, akashika kipaza sauti na kusema uongo. Alisema marehemu alikuwa mwanafunzi wake, na hilo ni kweli. Alisema hajawahi kufundisha mtoto aliyependa kusoma kama yule, na hilo nalo ni kweli. Kisha akasema mapenzi hayo ya vitabu aliyapanda yeye, kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba leo anamzika Nyangi huku akijivunia mavuno yake. Watu wa Kenyamonta waliokaa chini ya maturubai wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama mmoja aliyekuwa karibu nami akanong'ona kwamba walimu wa zamani walikuwa walimu kweli. Mimi nilikuwa upande wa jikoni, nikaiacha sahani niliyokuwa nasuuza. Haikuwa huzuni, maana huzuni niliimalizia njiani tangu Susuni. Ilikuwa hasira. Nimevuka miaka hamsini, nameza dawa za presha kila asubuhi, na daktari ameshanionya nisikasirike. Nilikasirika. Na kwa kuwa pale mbele ya kaburi sikusema neno, kwa kuwaheshimu watoto wa marehemu, nitasema hapa.

Mwaka ninaouzungumzia tulikuwa kidato cha pili, katika shule ya kutwa ya kijiji kimoja jirani na Genkuru. Nyangi kwao Kenyamonta, mimi kwetu Susuni, na kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kwenda na kurudi kila siku, tulipanga chumba kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Robi. Kilikuwa chumba cha matofali mabichi, kitanda kimoja cha kamba, kuta tumezibandika magazeti ili udongo usituangukie usoni. Bati lilikuwa na tundu dogo juu ya mlango, na mchana mwanga wake ulitembea sakafuni, ukifika kwenye jiko letu la mkaa tulijua ni saa nane. Jiko la Mama Robi lilipakana na chumba chetu, ukuta wa katikati haukufika juu, hivyo moshi wake ulikuwa wetu na maneno yake yalikuwa yetu. Tulikula ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mgumu, kwa mgagani uliolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukaisha. Siku za soko tulipata dagaa. Nikisikia leo watu wanasema maisha ya wanafunzi wa kupanga yalikuwa mabaya tupu, nabisha. Mabaya yalikuwepo, lakini katika chumba kile nilipata kitu ambacho sijakipata tena mahali popote.

Kitu hicho kililetwa na mjomba wake Nyangi, aliyekuwa dobi katika hoteli moja ya watalii hifadhini. Wageni waliondoka na kuacha vitu vyumbani, na mjomba, badala ya kuokota miwani na kofia kama wenzake, aliokota vitabu, ingawa hakujua Kiingereza. Mwezi wa pili alipita kutuona akatuachia kimoja. Kilikuwa kinene kama tofali, hakina jalada, kurasa zake za mwanzo zimelowa na kukauka mpaka zimekunjamana. Jina lake hatukulijua, wala la mwandishi. Nyangi alipata alama za mwisho mwisho katika Kiingereza, kama sisi sote. Lakini aliazima kamusi kwa kijana wa Sirari tuliyesoma naye, akakaa chini ya lile tundu la bati, akaanza neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.

Ilimchukua wiki mbili kuelewa kurasa kumi. Siku ya kumi na nne aliniambia, nikiwa nakoroga ugali, kwamba ndani ya kitabu kile kuna nchi ambayo mto wake umeibwa. Nikamuuliza mto unaibwaje. Akasema mfalme wa nchi ya juu ameufungia ndani ya mtungi wa shaba, na watu wa chini wamebaki na bonde la mawe, na kuna mwanamke mmoja, jina lake Maredis, ameondoka kwa miguu kwenda kuudai. Nikasema huyo ni binti wa mfalme. Akasema hapana, ni mbeba chumvi. Hana cheo, hakuna aliyemtabiria kitu, ameamka tu siku moja akachoka. Mwiko ulibaki mkononi mwangu na ugali ukaungua. Tuliula hivyo hivyo, na tangu siku hiyo sikumpa nafasi ya kupumzika.

Kwa kuwa mimi sikuweza kufuata Kiingereza hata aniambie polepole, Nyangi akaanza kuandika kwa Kiswahili katika daftari kubwa, lile la kaunta buku. Jumamosi mchana alinisomea, na kwa kuwa ukuta haukufika juu, Mama Robi alisikia. Jumamosi ya tatu alituambia tutoke nje tukasomee uani, kwa sababu haelewi sauti inayopita kwenye moshi. Mkwe wake, Bhoke, akaleta mahindi ya kupukuchua. Majirani wakaja na mahindi yao. Ikawa kama risaga, ile kazi ya pamoja ya kusaidiana, ila badala ya pombe, waliofanya kazi walilipwa kwa kusomewa na Nyangi. Palipokuwa na baraza la wakubwa wa nchi ya juu, Nyangi aliandika ritongo, na Mama Robi akasema sasa ameelewa, hao ni wazee wanaokaa kuamua mambo ya watu wasiokuwepo. Maredis akawa Maredi, kwa kuwa ndimi zetu zilitaka hivyo. Bhoke alilipenda joka la humo, zee moja ambalo moto wake umezimika na linaona aibu kurudi kwa wenzake. Lilipokubali kumbeba Maredi kuvuka mlima, Bhoke alilia na kusingizia makapi ya mahindi.

Ugomvi wetu mkubwa mwaka ule ulikuwa wa ng'ombe. Mama Robi alisikiliza mwezi mzima, mwishowe akauliza mbona katika nchi ile yote hakuna mtu mwenye ng'ombe. Wanajeshi wanakula nini? Wanaoa kwa mahari gani? Mfalme asiye na zizi ni mfalme wa nani? Alisema mwandishi amesahau, na kwamba Nyangi, kwa kuwa ni mtoto mwenye akili, amsaidie kurekebisha. Wanawake wote wakaunga mkono. Nyangi akasema hawezi kuwapa ng'ombe ambao mwandishi hakuwapa. Akisema uongo kwenye ng'ombe, je, watamwamini vipi kwenye mto? Mama Robi alikasirika, Jumamosi iliyofuata akaenda kwa dada yake. Jumamosi ya pili alirudi na kigoda chake, akakaa, akauliza wamefika wapi. Msichana wa miaka kumi na saba, asiye na kitabu kingine maishani mwake zaidi ya vya shule, alijua mwenyewe maana ya kuwa mwaminifu kwa maneno ya mtu mwingine. Mwalimu Magoiga hakumfundisha hilo.

Kufikia mwezi wa sita shule nzima ilijua. Wenzetu walichanga karatasi na kalamu ili hadithi isikatike. Walipanga foleni ya kuazima daftari la kwanza, wengine wakalinakili. Wavulana waliokuwa wanatoroka vipindi kwenda kwenye mashimo ya dhahabu walirudi Ijumaa kuuliza joka limefika wapi. Nyangi alivimba kiganja kwa kuandika, kwa hiyo nusu ya daftari la pili alinisomea kwa mdomo, mimi nikaandika. Naomba msomaji aukumbuke mwandiko wangu huo. Na Kiingereza chake, ambacho walimu walikuwa wameshakikatia tamaa, kilipanda mpaka akawa wa pili darasani. Hakuna aliyeuliza kimepandaje.

Mwezi wa tisa, mwalimu wa nidhamu, huyo huyo Magoiga, kijana wakati huo, suruali yake imenyooka kama rula, alikamata daftari la tatu chini ya dawati. Ndani aliona ramani aliyochora Nyangi, milima na mabonde ya nchi isiyokuwepo, na majina yasiyo ya Kiswahili wala Kikurya. Akatangaza kwamba ni mambo ya kishirikina. Akayakusanya madaftari yote matatu. Alikuja pia mpaka kwa Mama Robi kutafuta hicho kitabu chenyewe. Mama Robi alikuwa ameshakizika ndani ya pipa la unga. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamwambia kwamba chumba kile ni cha mabinti, na mwanamume hakiingii, awe na chaki au asiwe nayo. Magoiga akaondoka.

Sasa nifike mahali ambapo hasira yangu imekaa miaka yote hii. Siku tatu baadaye nilitumwa kupeleka maji ofisi ya walimu. Mlango ulikuwa umerudishwa. Nilisikia sauti ya Magoiga akisoma. Alikuwa anasoma daftari la tatu, mahali joka linapomdanganya mlinzi wa daraja, na alikuwa anacheka kicheko cha tumboni, cha mtu aliyejisahau. Mwalimu mwingine akamwambia asome taratibu. Mwingine akauliza kuna daftari la nne. Magoiga akajibu kwamba bado, na kwa kweli ni balaa, amekaa siku mbili anawaza huyo mama atavukaje jangwa. Nilisimama na ndoo mkononi, nikafurahi. Niliona tumepona. Nilikimbia kumwambia Nyangi kwamba mwalimu amenaswa kama sisi, kwamba atayarudisha, kwamba huenda atatuomba tumalizie. Tuliamini hivyo usiku mmoja.

Kesho yake asubuhi, paredi, aliyachoma. Alimwaga mafuta ya taa, akawasha kiberiti, akasema shule haitavumilia uchawi wala upuuzi wa majoka. Jana yake alikuwa anacheka. Hilo ndilo siwezi kulisamehe. Angekuwa mtu asiyeelewa kitu, ningesema ni ujinga. Lakini alikijua alichokichoma, alikuwa amekionja, na alikitaka. Aliona aibu tu kwamba msichana wa kupanga amempa furaha ile, na wenzake wameiona. Baada ya hapo akauliza nani amemsaidia Nyangi, kwa sababu miandiko ilikuwa miwili. Mistari yote ilinyamaza. Nyangi akasema, "Yote ni yangu, mwalimu. Mwandiko wangu hubadilika nikichoka." Mimi nilikuwa mstari wa tatu. Sikutoka. Alichapwa viboko kumi mbele yetu, akaambiwa aende nyumbani, asirudi bila mzazi, na mtihani wa kidato cha pili ulikuwa umekaribia.

Alirudi Kenyamonta na kitabu chake ndani ya kirobota cha nguo. Baba yake alisema shule iliyomtoa mtoto wake ndiyo iliyomtoa, yeye hawezi kuacha mifugo aende kubembeleza kijana wa suruali. Mtihani ukafanyika dawati lake likiwa tupu. Akaolewa huko huko baada ya miaka miwili. Mimi niliendelea, nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikastaafu. Lakini Nyangi hakuacha kutafsiri. Alinitumia hadithi iliyobaki kwa barua, kipande kwa kipande, kwa mkono wa kondakta wa basi: jangwa, lango, mtungi, na mwisho wake. Barua ishirini na moja. Nilizisoma peke yangu, nikazifunga kwa utepe, nikaziweka sandukuni chini ya vitenge.

Watu wenye vyeo wameniambia maisha yangu yote kwamba hadithi za namna hii hazina faida. Nikiwa kazini, mkaguzi mmoja aliniambia niondoe kwenye kabati vitabu vya mambo ya kufikirika, haviko kwenye mtihani, niweke vya ufugaji wa kuku. Ninapenda kuku. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunisimamisha kwenye mashine ya kusaga, miaka thelathini baadaye, akaniuliza yule kuku aliishia wapi. Kuhusu Maredi wananiuliza. Wanawake ambao walipukuchua mahindi uani kwa Mama Robi, leo ni mabibi, bado wanauliza. Ninawajua watoto wanne wenye jina hilo kati ya Genkuru na Susuni, na padri mmoja alibatiza akidhani ni jina la mtakatifu fulani wa mbali. Vijana wa leo wanajazana kwenye vibanda vya video kutazama majoka yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili na mtu wa kupiga domo, na hakuna anayechoma kibanda. Nyangi aliifanya kazi hiyo kwa kalamu, akiwa na kamusi ya kuazima, akapata viboko. Na ukiniuliza kwa nini hadithi ile haizeeki, nitasema ni kwa sababu Maredi hakuchaguliwa na mtu. Sisi tuliokuwa tukiambiwa kila siku nani amechaguliwa na nani hakuchaguliwa, tulimwona mbeba chumvi ameamka na kwenda. Alisikia njaa njiani, aligombana na wenzake juu ya mkate, miguu ikamuuma, akaenda. Hatukuhitaji zaidi ya hapo.

Basi siku ile ya mazishi, tulipomaliza kumzika, tukawekwa chini kula. Wali, ugali, nyama ya ng'ombe yenye mchuzi mwembamba. Niliona Magoiga anakuja na sahani yake, mzee sasa, bega moja limeshuka. Akavuta kiti karibu yangu.

"Wewe ni Wankuru," alisema. "Mlikuwa mnakaa chumba kimoja."

"Shikamoo, mwalimu." Mdomo ulisema wenyewe kwa mazoea.

"Marahaba." Alikula matonge mawili. Akatazama huku na huku, akashusha sauti. Alisema amesikia mshereheshaji akisoma majina ya watoto wa marehemu, na wa mwisho anaitwa Maredi. Alisema jina hilo limemrudisha mbali sana. Kisha akauliza, "Hivi, ule mto ulirudi?"

Nilimtazama. Miaka yote hiyo alikuwa ameubeba.

"Madaftari uliyachoma, mwalimu."

"Huo ulikuwa utaratibu wa shule," alisema. "Lakini niliyasoma kwanza. Yote matatu. Ujue hilo."

Alilisema kama zawadi aliyoniletea. Nikamwonyesha msichana aliyekuwa akizunguka na jagi na beseni, akiwanawisha wageni mikono.

"Maredi ndiye yule. Nimwite hapa, umwambie ulichomfanyia mama yake paredi, kama ulivyoona vyema kuwaambia watu wote kwamba ulimpandia mapenzi ya vitabu. Ukimaliza, nitakusimulia mto uliishia wapi. Nina mwisho wote, kwa mwandiko wa Nyangi."

Alimtazama msichana yule kwa muda. Niliona anataka. Naapa niliona, na kama angesema neno moja tu la kweli ningempa kila kitu, jangwa na lango na mtungi. Maredi alifika meza ya jirani, akainama, akamimina maji.

"Hayo ni mambo ya zamani, mama," Magoiga alisema. Akaweka sahani chini, nyama bado ipo, akachukua kofia yake, akaenda barabarani kuita bodaboda.

Maredi alikuja kuchukua sahani ile. Akaniuliza yule mzee aliyesema vizuri kuhusu mama yake alikuwa anataka nini. Ningeweza kusema hakuna kitu. Nilimketisha kwenye kiti kile kile, nikamwambia yote, kuanzia mjomba dobi mpaka mafuta ya taa. Mama yake alimsimulia habari za mto tangu utotoni, lakini hakuwahi kumwambia kwamba kulikuwa na madaftari, wala viboko, wala kwa nini aliishia kidato cha pili. Alisikiliza huku ameshika beseni mapajani. Nilipofika kwenye miandiko miwili, aliniinulia macho.

"Na wewe, mama mdogo, ulikuwa umesimama wapi?"

Nilikuwa nimemdai mzee wa watu ukweli kwa sauti kubwa. Nikamwambia: mstari wa tatu, mikono nyuma, na nusu ya daftari la pili ilikuwa yangu. Nikamwambia kwamba mama yake hakunilaumu hata mara moja, si kwa mdomo wala kwa barua, na kwamba sikuwahi kumwomba msamaha, kwa sababu kila mwaka niliona mwaka ujao ungefaa zaidi.

Maredi hakunipa pole, wala hakunitukana. Aliuliza barua zipo ngapi. Nikasema ishirini na moja. Akasema keshokutwa atakuja Susuni kuzichukua, kwa sababu ni za mama yao, nami nimekaa nazo vya kutosha.

Alikuja kwa basi la asubuhi. Nilifungua sanduku, nikatoa vitenge, nikampa kifurushi chote. Alikaa kitandani kwangu, akafungua utepe, akazihesabu mbele yangu, moja moja, mpaka ishirini na moja.